Filamu inagoma kucheza: namna ya kutofautisha ubovu na kufuli

Fedha za korosho zikishaanza kulipwa, mafundi wa Mtwara mjini tunapokea mizigo inayofanana: deki, ving'amuzi, TV bapa, mifuko ya diski na mikanda ya zamani, kutoka Tandahimba, Newala, Nanyamba, hata mkoa jirani huko Mtama na Nachingwea. Mwenye mali anasema kimekufa. Ukikifungua unakuta mota inazunguka, jicho (ile lenzi inayosoma diski) linawaka, umeme unafika kila mahali. Kifaa ni kizima. Kilichomkwamisha mwenyewe ni kufuli lililowekwa kiwandani kwa makusudi, ili filamu isichezwe nchi fulani, isinakiliwe, au isipite kwenye waya fulani.

Ubaya wa makufuli haya ni kwamba hayajitambulishi. Picha inakuwa nyeusi, sauti inakatika, diski inatemwa, na mtu anaona ubovu mtupu. Ndiyo maana watu wanalipia jicho jipya la deki ambayo haikuwa na kasoro, na diski nzima zinaishia jalalani.

Msimamo wangu niuseme mapema. Aliyelipia filamu ana haki ya kuitazama kwa kifaa chake, sebuleni kwake, na kujiwekea nakala ya akiba diski isije ikachubuka. Msanii naye ana haki ya kula jasho lake. Nakala za kuuza mtaani zimewaumiza sana waigizaji wetu, na mwongozo huu haumsaidii mtu kuzitengeneza. Lakini muuza nakala wala hasumbuliwi na kufuli, maana anachouza kimeshafunguliwa zamani. Anayesumbuliwa ni yule aliyetoa fedha yake dukani na akapewa risiti.

Kabla ya yote: ni ubovu au ni kufuli?

Tafuta diski tatu: hiyo inayogoma, nyingine ya kununua ambayo unajua ilikuwa ikicheza, na moja ya kuchomwa, kwa mfano ya harusi au mahafali. Zijaribu zote kwenye deki yako.

Zikigoma zote tatu, ni ubovu. Kwa sisi wa pwani, kuanzia Shangani na Mikindani mpaka Lindi mjini na Kilwa Masoko, hewa ya chumvi na unyevu ndiyo inayoanza kula deki, vumbi linafuata. Jicho likipata ukungu linashindwa kusoma. Lipanguse taratibu kwa pamba ya masikioni yenye spiriti safi kidogo, liache likauke. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mchubuko unafuata njia ya data na unaharibu zaidi.

Ikicheza ya kuchomwa na ile nyingine, ikagoma hiyo moja tu, ipeleke kwa jirani mwenye deki ya aina tofauti. Ikicheza huko bila kukwama, usifungue deki yako. Hapo yaelekea unashughulika na kufuli.

Kitu kimoja kitakupunguzia kazi: kama diski ni VCD, usitafute kufuli, halipo. VCD ilitoka mwaka 1993 bila namba ya eneo na bila kinga ya kunakili. Kila diski inabeba kama dakika 74, ndiyo maana filamu nyingi za Kibongo za miaka ile zilikuja kwa diski mbili. Mpaka leo zinacheza kwenye deki nyingi za DVD na kwenye kompyuta yenye kisomea-diski.

Dalili: deki inaitema diski, au inaonyesha maandishi kwamba eneo si sahihi

Hili ndilo ninalokutana nalo zaidi, na ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama mmoja wa Mikindani aliniletea deki ndani ya khanga. "Fundi, hii deki imekufa. Mwanangu kanitumia diski kutoka Afrika Kusini, haishiki hata moja."

"Shikamoo mama. Naomba jalada la hizo diski."

"Marahaba baba. Jalada la nini, si ubadilishe tu jicho?"

Nikaligeuza jalada nyuma. Chini pembeni, karibu na ile mistari myeusi ya bei, kulikuwa na kialama kidogo cha tufe la dunia lililochorwa kwa mistari, katikati yake namba 2. Nikamwonyesha. Deki yake ilikuwa imewekwa 5.

Waliounda DVD waliigawa dunia katika maeneo. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati ni 2, kwa hiyo chochote kinachotoka Uingereza, Muscat au Dubai ni 2. Malaysia na nchi za Kusini-mashariki mwa Asia ni 3. Australia na Amerika ya Kusini ni 4. China ni 6 peke yake. Sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, iko 5 pamoja na India na Urusi. Ajabu ni kwamba Afrika Kusini na Misri zilitolewa katika bara lao zikatiwa 2. Diski iliyonunuliwa Johannesburg inagoma Mtwara, wakati ya Maputo na ya Mumbai zinacheza. Mama huyu alikuwa na diski halali, zenye risiti, na deki nzima kabisa.

Sababu ilikuwa biashara. DVD ilipoingia sokoni, Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani 1997, studio kubwa zilikuwa zikipeleka filamu kwenye majumba ya sinema nchi moja baada ya nyingine, na bei zikitofautiana. Hazikutaka diski ya nchi moja iiwahi sinema ya nchi nyingine. Leo filamu kubwa inatoka dunia nzima karibu siku moja, sababu ile imekwisha, lakini tufe na namba yake vimebaki vinamsumbua mama wa Mikindani.

La kufanya: angalia kwanza kama jalada limeandikwa 0 au neno linalomaanisha maeneo yote, hapo chanzo ni kingine. Kama namba ni tofauti na 5, geuza deki, soma jina na namba ya modeli nyuma. Deki nyingi za Kichina zinazouzwa madukani kwetu zinakubali kubadilishwa kwa rimoti: unafungua mdomo wa deki bila diski, unaingia kwenye mpangilio, unabonyeza namba maalumu za modeli hiyo, na menyu iliyofichwa inatokea. Namba hizo hazifanani, kwa hiyo usibonyeze ovyo. Zitafute mtandaoni kwa modeli yako kamili. Ukifika hapo weka 0, maana yake deki ikubali maeneo yote. Angalizo dogo: kuna diski za eneo 1, zilizoanza mwaka 2000, zinazokagua kama deki imefunguliwa kwa maeneo yote, zikaikataa. Kwa hizo weka 1 yenyewe, ukimaliza urudishe.

Kwenye kompyuta kuwa makini zaidi. Visomea-diski vilivyotengenezwa tangu 2000 vinakuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, halafu vinaganda kwenye eneo la mwisho. Kompyuta ikikuuliza kama ubadilishe eneo, usikubali kwa haraka kwa sababu ya diski moja ya kuazima. Jaribu kwanza programu ya VLC, ya bure, ya kundi la VideoLAN lililoanzia Ufaransa. Diski nyingi inazisoma bila kujali namba.

VLC inaweza hivyo kwa sababu kufuli la ndani la DVD, lenye ufunguo wa biti 40, lilifunguliwa mwaka 1999. Kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, alihusika kutoa programu iliyoitwa DeCSS. Kompyuta zinazotumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, wakati ule hazikuwa na njia ya kuchezesha DVD zilizonunuliwa. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama za Norwei zilimwachia huru mara mbili, ya awali na ya rufaa. Mtu kufungua diski aliyoinunua mwenyewe kihalali halikuonekana kosa. Nalikumbuka shauri hilo kila mteja anaponiuliza kwa sauti ya chini kama kuondoa namba ya eneo ni uhalifu.

Blu-ray, diski iliyofuata DVD yenye picha kali zaidi, ina herufi badala ya namba: Afrika yote na Ulaya ni B, Amerika na Japani A, China na India C. Diski za Blu-ray za 4K hazina kufuli la eneo kabisa.

Dalili: picha haina rangi, au inapanda juu mfululizo

Hili si kufuli. Diski ya Marekani au Japani imetengenezwa kwa mfumo wa NTSC, wenye mistari 480 na karibu picha 30 kwa sekunde. Sisi tunatumia PAL, mistari 576 na picha 25. Bonyeza kitufe cha mfumo kwenye rimoti ya deki mpaka picha itulie. Kwa TV bapa tatizo hili karibu halipo.

Dalili: picha inang'aa na kufifia kama inapumua

Hii inawatokea wenye TV ya kichogo yenye tundu la antena pekee. Mtu ananunua deki ya DVD, anakosa pa kuichomeka, anaipitishia kwenye deki ya zamani ya mikanda ndipo iende kwenye TV. Diski ya harusi inatoka vizuri. Ya kununua, ikichezwa, ukuta mweupe unang'aa mpaka macho yanauma, halafu pole pole chumba kizima kwenye picha kinaingia giza, nyuso hazionekani, kisha mwanga unarudi. Wakati mwingine juu ya kioo panapinda. Fundi asiyelijua atasema TV imechoka.

Chanzo ni kinga ya Macrovision, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1983. Kati ya picha moja na nyingine kuna mistari ambayo TV haiionyeshi. Wao wanapandikiza humo mipigo ya uongo yenye nguvu kubwa. Deki ya mikanda ina sakiti inayopima nguvu ya ishara na kuirekebisha yenyewe. Ikikutana na mipigo hiyo inadanganyika, inapunguza mwanga, halafu inaongeza, halafu inapunguza. Lengo lilikuwa anayerekodi apate mkanda usiotazamika. Wewe hurekodi chochote, umepitisha waya tu, na bado unaadhibiwa.

Dawa ni kuiondoa deki ya mikanda njiani. TV ikiwa na matundu ya AV, yale ya njano, nyeupe na nyekundu, chomeka DVD moja kwa moja. Kama ina antena tu, tafuta kile kifaa kidogo kinachogeuza ishara ya AV kuwa masafa ya antena. Usiruhusu mtu afungue TV.

Sasa upande wa pili wa jambo hili, ambao kwangu ni mzito zaidi. Familia nyingi za Mtwara na Lindi zina mikanda ya miaka ya themanini na tisini: harusi, maulidi, watoto kutoka jando, sauti za mabibi na mababu ambao hawapo tena. Wanakuja nayo tuihamishie kwenye flashi. Unaunganisha deki ya mikanda na kifaa cha kunasa picha, kifaa kinakataa na kusema mkanda umelindwa. Mkanda wa harusi ya nyumbani, uliorekodiwa na kamera ya mjomba, unalindwa na nani?

Hakuna aliyeulinda. Mkanda ukizeeka, mipigo inayopanga picha inalegea na kuyumba, na kifaa kilichofundishwa kuitafuta alama ya Macrovision kinaidhania ni yenyewe. Kwa hiyo usimwache mteja aondoke na mkanda wake akiamini haiwezekani. Uzungushe wote mpaka mwisho na kurudi, ili ukae sawa. Safisha kichwa cha deki. Jaribu deki nyingine. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Ikishindikana, pitisha ishara kwenye kifaa kinachonyoosha mpangilio wa picha kabla ya kunasa. Baadhi ya kamera za zamani za MiniDV na Digital8 zinaifanya kazi hiyo zenyewe ukiingiza ishara ya AV na kuitoa kwa waya wa dijitali, kwa hiyo ukiona inauzwa mtumba na bado inawaka, inunue.

Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa mkanda, ni ukungu. Usiucheze, utachafua deki na mikanda itakayofuata. Usafishwe kwanza. Na usingoje mwaka ujao, kwa unyevu wa huku kila masika inachukua kipande.

Dalili: king'amuzi au deki ya HDMI inatoa sauti bila picha, au menyu inaonekana lakini filamu haionekani

Watu wanakimbilia kununua waya mpya. Mara nyingine waya ndio mbovu kweli, lakini angalia mpangilio wa vifaa kwanza.

Ndani ya HDMI, ule waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, kuna kufuli linaloitwa HDCP, lililobuniwa na Intel. Kifaa kinachotoa picha kinaiuliza TV: una ufunguo? TV ikijibu sawasawa, picha inapita. Kati yao kukiwa na kitu kisichojua kujibu, kama kigawanyishi cha bei nafuu, kigeuzi cha kwenda VGA (tundu la zamani la skrini za kompyuta), au projekta ya zamani, picha inazimwa. Menyu ya king'amuzi inaweza kuonekana kwa sababu yenyewe haijafungwa. Ukiingia kwenye chaneli ya filamu, giza.

Zima kila kitu na uchomoe kwenye umeme kwa dakika moja. Unganisha kwa waya mmoja mfupi, moja kwa moja, bila chochote katikati. Washa TV kwanza, kisha kifaa. Picha ikija, rudisha kigawanyishi na vingine kimoja kimoja mpaka uone kipi kinachokata. Kwa TV ya 4K, jaribu tundu jingine la HDMI: picha za 4K zinadai toleo la 2.2 la kufuli hili, na TV nyingi za mwanzo zililiweka kwenye tundu moja tu au hazikuliweka kabisa. Ikigoma bado, shusha kifaa kitoe 1080. Na kama kina matundu ya AV, hayo hayana HDCP. Picha itapungua ukali lakini utaona mpira.

Mwaka 2010 ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja, na Intel yenyewe ikathibitisha ni wa kweli. Kwa wanaonakili kwa biashara mlango ulishafunguka siku ile. Aliyebaki nje ni mwenye TV ya mtumba kule Masasi.

Wenye vibanda umiza, hapa nawaomba tuelewane. Kufuli la HDMI ni jambo moja, kibali cha kuonyesha ni jingine. Kifurushi cha nyumbani hakikupi ruhusa ya kutoza kiingilio hata kama picha inapita bila tatizo.

Dalili: niliyorekodi kwenye king'amuzi haifunguki popote pengine

Ving'amuzi vingi vya kulipia vinavyorekodi kwenye flashi au hard disk vinalifunga faili kwa ufunguo wa king'amuzi hicho hicho. Ukilipeleka kwenye kompyuta halichezi. Mbaya zaidi, baadhi vinaipanga flashi kwa namna ambayo Windows haiitambui, na inakuuliza kama uifomati. Kataa. Ukikubali, kila kilichomo kimekwenda.

Radi ikipiga ukabadilishiwa king'amuzi, rekodi zote za zamani zinabaki mafaili yasiyo na mlango, hata kama kifurushi umelipia. Sina njia safi ya kukupa hapa. Tazama ulichorekodi kabla ya kurudisha kifaa. Kwa chaneli za bure, tumia risiva ya kawaida isiyo ya kampuni ya kulipia; hizo huhifadhi faili la wazi, na VLC inalifungua popote.

Swali la kurekodi nyumbani lilishaulizwa kwa uzito. Studio mbili za Marekani ziliishtaki Sony kwa sababu ya deki yake ya Betamax, iliyotoka 1975. Januari 1984 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi cha TV ili akitazame baadaye hakiuki hakimiliki. Hukumu ile haitufungi sisi, lakini inaonyesha ambacho mnunuzi alikuwa nacho na sasa amenyang'anywa kwa waya na ufunguo. Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inatambua nakala ya mtu kwa matumizi yake binafsi. Kuuza nakala hizo, au kuzipakia kwenye flashi za wateja kwa malipo, ni kosa, wala fundi asijifiche nyuma ya mteja.

Dalili: sauti inakatika baada ya dakika kama ishirini, picha inaendelea

Inatokea kwenye PS3, ile mashine ya michezo ya Sony, na kwenye deki za Blu-ray zilizotengenezwa kuanzia Februari 2012. Kwenye kioo linatokea onyo lenye neno Cinavia na namba, mara nyingi 3. Spika ni nzima.

Cinavia ni alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu yenyewe, sikio halisikii. Inabaki hata sauti ikirekodiwa upya kwa kipaza sauti. Deki ikiisikia kwenye faili au diski isiyo halisi, inanyamazisha. Kama filamu uliipata kwenye flashi kutoka duka la kuingiza filamu, basi ujue ulichouziwa. Lakini anayeumia bila kosa ni yule aliyejitengenezea nakala ya akiba ya diski yake halisi, akaiweka halisi kabatini ili watoto wasiikwaruze. Huyo acheze ile halisi, au nakala aipeleke kwenye TV kwa flashi au kwenye kompyuta, ambako kwa kawaida hakuna kinachoitafuta alama hiyo.

Dalili: Blu-ray za zamani zinacheza, mpya haisomeki

Funguo za Blu-ray hubadilishwa kila mara. Mwaka 2007 ufunguo mmoja ulisambaa mtandaoni, na programu za kompyuta zilizohusika zikafutiwa idhini, wenye nazo wakalazimika kusasisha ndipo diski mpya zicheze. Deki nayo ni vivyo hivyo. Pakua programu yake mpya kutoka kwa mtengenezaji ukiwa mjini, weka kwenye flashi, uisasishe. Hakikisha umeme umetulia. Ukikatika katikati ya kusasisha, deki inaweza isiamke.

Dalili: rimoti inakataa kuruka matangazo

Alama ya duara au mkono ikitokea juu ya kioo, rimoti haina tatizo. Diski ndiyo iliyoikataza deki kuruka sehemu hiyo. VLC huruka.

Dalili: DVD mpya, haina mchubuko, inaganda pale pale kila mara

Iangalie kwenye mwanga. Kama ni safi kweli, huenda ina sehemu zilizoharibiwa kwa makusudi. Sony ilitumia mbinu hiyo kuzichanganya programu za kunakili, na mwaka 2007 baadhi ya diski zake zikashindwa kucheza hata kwenye deki halali. Jaribu deki nyingine, kisha irudishe dukani na risiti. Kwa filamu za hapa nyumbani, angalia na stempu ya kodi iliyowekwa na TRA kwa kanuni za mwaka 2013. Kama haipo, hiyo kugandaganda huenda ni ya diski iliyochomwa vibaya.

Dalili: filamu niliyopakua kwenye simu imepotea au haifunguki

Faili lipo, ruhusa ndiyo iliyokwisha. Filamu ya kukodi mara nyingi ina siku 30 za kuanza kuitazama na saa 48 za kuimaliza ukishabonyeza. Baadhi ya zilizopakuliwa kwa kifurushi cha mwezi hudai intaneti kila baada ya muda fulani. Angalia kwanza saa na tarehe ya simu: zikiwa si sahihi, programu inaona muda umepita na inafunga. Ziweke zijipange zenyewe, washa data, fungua programu, subiri kidogo, jaribu tena.

Jambo hili si geni. Mwaka 1998 Wamarekani waliuziwa diski zilizoitwa DIVX, za kutazama saa 48, huku deki ikipiga simu makao makuu kuuliza kama bado unaruhusiwa. Mradi ulifutwa mwaka uliofuata, na kufikia 2001 diski zile hazikuwa na matumizi tena. UltraViolet, iliyoanza 2011 kama kabati la filamu mtandaoni, ilifungwa Julai 2019. Jimbo la California limepitisha sheria, inayotumika tangu 2025, kwamba muuzaji wa filamu za mtandaoni asitumie neno kununua kama anachokupa ni ruhusa inayoweza kuondolewa, mpaka akueleze wazi.

Unaposafiri kwenda Liwale au Ruangwa na umepakua filamu za watoto, usiku wa kuamkia safari zima data na ufungue kila moja. Isiyofunguka utaijua ukiwa bado na mtandao. Na unapomlipa mpiga picha wa harusi, au mwigizaji anayeuza kazi yake mwenyewe, omba faili la MP4 la kawaida kwenye flashi yako pamoja na DVD. Lifungue papo hapo kwa simu yako mwenyewe, lipeleke mbele na nyuma, sikiliza sauti, ndipo umalizie malipo.